Mikanda ya jipsamu sebuleni: kona hazikutani, fundi kakimbia

MamaNasra

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu kabla sijafanya jambo la aibu.

Nyumba iko Kigamboni. Najenga kwa mtindo wetu walimu: mwezi huu saruji mifuko mitatu, mwezi ujao napumua. Mwaka huu nimefika kwenye dari. Bodi za jipsamu zimefungwa sebuleni na pale pa kulia chakula, na aliyefunga bodi sina neno naye, kanyoosha vizuri. Balaa limeanzia kwenye mikanda, ile mipambo ya jipsamu inayozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari.

Chumba kina umbo la L. Nimezunguka na tepu kuta zote sita: 6.6, kisha 2.4, 2.7, 1.8, 3.9 na 4.2. Jumla mita 21.6. Mkanda mmoja una mita 2.4. Nikagawanya, nikapata 9 bila salio, nikafurahi kama mtu aliyeokota hela njiani. Nikanunua 9, ile yenye mistari mitatu, haina maua. Ukiukalisha mahali pake unashuka ukutani sentimita 8 na kuingia darini sentimita 8 vilevile.

Fundi wa mikanda nilielekezwa na jirani. Kaja na msumeno, ndoo na kijana wa kushika ngazi. Hakupima kona hata moja. Kakata mkanda wa kwanza, kapanda, umekataa. Kakata wa pili, kaugeuza juu chini, umekataa. Kijana wake akawa anaangalia nje ili asicheke. Mwisho wakabandika ukuta mrefu wote na mkanda mmoja wa ukuta wa 4.2, na pale wanapokutana, kwenye kona ya dirishani, pana uwazi ambao penseli ya mwanafunzi inapita. Nikamwonyesha. Akasema, "Hiyo unga utaficha, mama." Kesho yake huo unga wa jipsamu wa kubandikia ukapasuka mstari mmoja mrefu. Keshokutwa yake akaniambia amepata msiba Mkuranga. Hii ni wiki ya pili simu haipatikani. Kama msiba ni wa kweli, Mungu amrehemu marehemu, ila nusu ya hela yangu ilishatangulia.

Nimebaki na mikanda 3 mizima, na miwili aliyoikata akashindwa iko kwenye varanda. Nina mdogo wangu wa kiume, mikono yake mizuri, anajua msumeno. Je, tunaweza kukata wenyewe? Zile kona zinakatwaje mpaka zikutane? Na chumbani nilitaka niweke mikanda ya maua, mnanishauri nini? Urefu kutoka sakafu hadi bodi ni mita 2.7 sebuleni, chumbani 2.6.

KijanaWaChanika

Pole sana dada. Fundi akishasema "unga utaficha" ujue hapo hela imeshavuka Mkuranga kabla yake.

Ushauri wangu ni mfupi: yapo maduka yanauza vipande vya kona vilivyomwagwa tayari kwenye fomu. Unabandika kona kwanza, halafu mkanda wa katikati unaukata mraba tu kama mkate. Hakuna kukata mshazari wa nyuzi 45, hakuna hesabu. Mimi nimefanya hivyo nyumba ya mama, siku moja kazi imekwisha.

FundiSeremala_Tanga

Dada, shikamoo hatupeani mtandaoni maana hatujuani umri, lakini pole kwa mwalimu. Mimi nilianza na mbao, miaka hiyo mikanda ya dari ilikuwa mbao za kupigwa randa, jipsamu imenikuta ukubwani. Kwa hiyo nitakujibu kwa mdomo wa seremala.

Nianze na hesabu yako kwa sababu ndiyo iliyokuponza kabla hata ya fundi. 21.6 gawanya kwa 2.4 ni 9, sawa, lakini mkanda si kamba. Kamba unaizungusha chumba kizima, mkanda unaukata na kinachobaki kinaweza kisikufae tena. Hesabu ukuta mmoja mmoja. Ukuta wa 6.6 unakula miwili mizima na kipande cha 1.8. Wa 2.4 unakula mmoja mzima, na hapo usikwanguke ncha hata kidogo. Wa 2.7 unaishia kwenye kona inayotokeza, hivyo unahitaji sentimita 8 za ziada: mmoja mzima na kipande cha 38. Wa 1.8 nao unaongezeka 8, unakuwa 1.88. Wa 3.9 ni mmoja na 1.5. Wa 4.2 ni mmoja na 1.8. Sasa panga: mizima 6, kile cha 1.88 na cha 38 vinatoka mkanda mmoja, 1.8, 1.8 na 1.5 kila kimoja na mkanda wake. Jumla 10. Huo ni wa fundi asiyekosea. Weka mmoja wa kuvunjika, ni 11. Ukinunua 9 unaishia kubandika viraka vya sentimita 60 ukutani, na jua la jioni likipiga kutoka dirishani kila kiraka kinajitangaza.

Pili, ile miwili ya varandani usiitupe. Kilichoharibika ni ncha. Kata mraba sentimita 20 za mwisho, umebaki na 2.2 mbili, zinatosha vipande vyako vya 1.8 na 1.88.

Sasa kona. Nisikilize hapa taratibu.

Mkanda una kingo mbili. Mmoja unalala ukutani, mmoja unalala darini. Kona za kawaida za chumba, zile zinazokukumbatia ukisimama ndani, naziita kona za ndani. Wewe unazo tano. Kwenye kona ya ndani, ukingo wa ukutani ndio mrefu, unafika mpaka ndani kabisa pembeni. Ukingo wa darini unakuwa mfupi. Kona inayotokeza kama kiwiko, unayo moja, pale 2.7 inapokutana na 1.8. Kwenye hiyo mambo yanageuka: ukingo wa darini ndio mrefu, unaupita ukuta kwa zile sentimita 8. Basi. Ukishika hilo huhitaji kujua kulia wala kushoto. Kabla ya kukata, ushike mkanda darini kwa mkono, weka alama ya penseli kwenye ukingo unaotakiwa uwe mrefu. Naamini yule bwana alikuwa anakata kona ya nje kwenye kona ya ndani, halafu anageuza juu chini akitegemea miujiza.

Kwa nini walio wengi wanakosea? Kwa sababu ya boksi la kukatia. Boksi la mbao tatu unalijua: sakafu na mbavu mbili. Mkanda unaingia humo kichwa chini. Sakafu ya boksi ndiyo dari yako, ubavu wa boksi ulio mbali nawe ndio ukuta wako. Ukingo wa darini unakaa chini kwenye sakafu, wa ukutani unaegemea ubavu. Na kitu chochote ukikigeuza kichwa chini, kulia kwake kunakuwa kushoto. Akili inakataa hapo, hata yangu inakataa nikiwa nimechoka. Dawa ni sampuli. Kabla hujagusa mkanda mzima, chukua mabaki, kata vipande vinne vya sentimita 30 hivi: kona ya ndani ubavu wa kushoto, ya ndani kulia, ya nje kushoto, ya nje kulia. Andika mgongoni kwa penseli. Kila unapotaka kukata, panda ngazi na sampuli, iweke darini, ikikubali shuka nayo, ilaze kwenye boksi, kata mkanda ufanane nayo. Mimi zangu zimening'inia ukutani karakana mpaka leo.

Boksi usinunue. Mbao tatu nzito, zilizopigwa randa, misumari. Upana wa ndani uwe ule ambao mkanda ukilala mle unakaa na mlalo uleule utakaokuwa nao juu, yaani 8 kwa 8. Piga kijiti chembamba sakafuni kuuzuia usiteleze. Mkanda ukikaa umesimama sana au umelala sana, msumeno ukate sawasawa namna gani, kona haitakubali. Na kupata nyuzi 45 huhitaji kipima pembe: pima upana wa nje wa boksi, tuseme 14, pima 14 hiyohiyo kwa urefu wa boksi juu ya mbavu, una mraba, unga pembe kwa pembe. Huo mshazari ni 45. Piga mwingine unaokwenda kinyume. Teremsha msumeno wima kwa skwea.

Ila nyuzi 45 ni za vitabuni. Kona yako ya dirishani si mraba, nina hakika hata sijafika Kigamboni. Uwazi wako uko wapi, kwa mbele darini au kwa nyuma ukutani? Ukiwa mbele, kona ni pana kuliko mraba. Ukiwa nyuma huku mbele mikanda inagongana, kona imebana. Pima hivi: kutoka pembeni, darini, weka alama sentimita 60 ukuta huu na 80 ukuta ule. Kati ya alama na alama lazima upate 100. Ikizidi, pana. Ikipungua, imebana. Pima zote sita uniletee. Ile inayotokeza huwezi kuipima kwa ndani. Weka skwea ya bati nje yake uone mwanga unapita wapi.

Vipande vya kona vya huyo kijana wa Chanika havina ubaya. Vinafaa kuta zikiwa mraba, maana navyo vimemwagwa kwa nyuzi 90. Kuta zetu hizi za tofali na lipu ya mkono, ukuta unafanya tumbo, utabandika kona nzuri halafu mkanda unaofuata unaondoka ukutani.

Ununue minne zaidi. Mmoja kwa kipande cha 1.5, miwili kwa sababu ile kona ya dirishani lazima ishuke na vipande vyake havitashuka vizima, na mmoja wa kuvunjika. Na nenda dukani na kipande chako mkononi. Mikanda hii inamwagwa na watu wengi, kila mmoja na fomu yake. "Mistari mitatu" ya huyu si ya yule, ikipishana milimita tatu utaiona kila siku ya maisha yako.

KijanaWaChanika

Mzee nimekubali. Nimeenda kuangalia ya mama kwa tochi. Kweli imeondoka ukutani kona mbili, niliziba kwa unga nikasahau.

MamaNasra

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu, ya tatu nikiwa juu ya ngazi.

Nimepima. Kona ya dirishani imetoka 103! Uwazi kweli uko mbele, upande wa darini. Ya jikoni 98 na nusu. Nyingine mbili 100 na kidogo, moja 101. Ile ya kiwiko skwea inakaa vizuri kabisa, sijui ilikuwaje. Mdogo wangu ametengeneza boksi kwa mbao za kenchi zilizobaki, na sampuli nne tumekata, mbili tulikosea kwanza lakini ni mabaki, hakuna aliyelia.

Tatizo jipya. Tumekoroga unga kama alivyokuwa akikoroga yule fundi, kwenye ndoo yake aliyoiacha. Kabla mdogo wangu hajamaliza kupaka mgongo wa kipande kimoja, unga umekuwa jiwe ndani ya ndoo. Tumekoroga tena, jiwe tena, safari hii haraka zaidi. Nusu mfuko umekwenda. Unga umeharibika dukani au?

FundiSeremala_Tanga

Marahaba mwanangu.

103 ni karibu nyuzi 94. Ukikata 45 pande zote mbili unapungukiwa nyuzi tatu na nusu, na kwa mkanda wako wa 8 kwa 8 hiyo ni milimita saba hivi kwa mbele. Ndiyo penseli yako hiyo. 98 na nusu ni 88, hapo wangegongana mbele.

Kona hizo mbili sahau mifereji ya boksi, chukua pembe kutoka chumbani kwenyewe. Shika kipande kifupi cha mkanda mahali pake ukutani karibu na kona, chora darini kwa penseli pale ukingo wake unapoishia. Fanya hivyo na ukuta wa pili. Mistari miwili inakatana mahali. Toka hapo mpaka pembeni kabisa ndiyo njia ya msumeno, iwe nyuzi 47 iwe 44, haikuhusu. Sasa shika mkanda wenyewe, tia alama kwenye ukingo wa darini pale mistari inapokatana, na alama kwenye ukingo wa ukutani pale pembeni. Alama mbili. Laza kichwa chini kwenye boksi, kata toka alama hadi alama, msumeno wima. Msumeno wa meno madogo, uso wa mkanda uwe juu, sukuma bila kulazimisha. Msumeno unamega pale unapotokea, basi umege mgongoni ambako hakuna macho. Ukibakisha unywele mmoja zaidi ni vizuri, msasa utamaliza. Ukipunguza hakuna msasa wa kurudisha.

Unga wako mzima. Nina maswali mawili, na majibu nadhani ninayo. Ndoo ya yule bwana uliiosha? Na maji ni ya kisima?

Unajua unga huu ni nini. Ni jiwe la jasi, ndiyo hiyo jipsamu, linachimbwa Makanya kule Same, linachimbwa Kilwa, limesagwa na kuchomwa mpaka maji yaliyokuwa ndani ya jiwe yakatoka. Ukilirudishia maji linarudi kuwa jiwe, ndiyo kazi yake. Sasa makombo ya unga wa jana yaliyoganda kwenye ndoo ni jiwe tayari. Unga mpya ukiyakuta unajifunza kwayo, unaganda upesi. Ndiyo maana mara ya pili ilikuwa haraka zaidi: mlikorogea juu ya makombo ya mara ya kwanza. Na chumvi inaharakisha vilevile. Visima vingi vya Kigamboni wenyewe mnavijua, chai yake haihitaji kuuliza.

Kwa hiyo: ndoo safi, bora ya plastiki laini unayoweza kuiminya makombo yakadondoka. Maji ya bomba au ya mvua. Maji yaanze, unga ufuate, unaunyunyiza kwa mkono mpaka uanze kutokeza juu kama kisiwa, uache unywe dakika moja, kisha koroga kidogo. Usikoroge kama uji wa harusi, kukoroga sana nako kunaugandisha. Koroga wa kipande kimoja tu. Ukitaka nafasi zaidi kamulia matone ya ndimu kwenye maji kabla ya unga, inauchelewesha. Matone, si ndimu nzima, ukizidisha hautashika nguvu. Ukianza kuganda usiongeze maji kuufufua. Huo umekufa, mwaga.

Ukutani kwangua rangi na vumbi pale mkanda unapokaa, chora chora kwa msumari, kisha lowesha kwa brashi. Ukuta mkavu unanyonya maji ya unga kabla haujashika, mkanda unaanguka usiku ukidhani mwizi. Misumari ya inchi moja chini ya ukingo, kila baada ya nusu mita, inaushikilia mpaka kesho, uing'oe, uzibe.

Anza kona ya dirishani mkiwa na nguvu. Malizia kona ya juu ya mlango wa kuingilia, mgeni anaiona akiwa anatoka tu.

MieWaMtwapa

Mie niko Mtwapa, nimefuata mjadala huu kimya kimya. Niongeze la kwangu ili mwengine asilirudie.

Nyumbani kwangu sikuweka jasi, niliweka ile mikanda mieupe ya fomu, yaani povu kavu la plastiki, si fomu ya kumwagia jasi, nyepesi kama kikombe cha barafu, maana fundi alinambia yakatwa kwa kisu cha karatasi tu. Kweli yakatwa, kona zikakaa vizuri. Kosa likawa kwenye rangi. Nikamwambia kijana apake rangi ya mafuta ing'are, akaichanganya na tina. Walahi, mkanda ukawa wanywea mbele ya macho yangu, watoboka toboka kama dafu lililoliwa na panya. Gundi nayo ni vivyo hivyo, ile ya tina huila. Rangi ya maji pekee.

Na jikoni sikushauri fomu hata ya bure. Moto ukiipata haingoji.

Kwa bibi yangu Mji wa Kale hakuna mkanda wowote, dari ni boriti na mawe, na vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali. Huwa namuonea wivu kila nikiona bili ya fundi.

FundiSeremala_Tanga

Mtwapa umenena. Ya fomu nimeibandika kwa watu waliotaka, inakaa, lakini ukiigonga na ufito wa pazia inabonyea na kubaki na kovu.

Kuhusu maua chumbani, nilisahau. Maua yana mtindo unaojirudia. Kila unapounga mkanda na mkanda lazima ua likutane na ua, hivyo unakata mpaka ulikute, unapoteza mkononi kila maungio. Na kwenye kona nusu ua la huku litakutana na nusu ua la kule, kona ikiwa mraba ni pambo, kona ikiwa 103 ni ajali. Halafu vumbi la Kigamboni litakaa mle na nani atapanda na mswaki? Lakini chumba ni chako. Kwa dari ya 2.6 mimi ningeweka mwembamba, wa sentimita 6, wa mviringo mtupu. Mkanda mkubwa kwenye dari ya chini unakuwa kama kofia ya baba kwa mtoto.

MamaNasra

Narudi na ripoti, wiki imepita.

Ndoo hatukuwa tumeiosha. Na maji ni ya kisima, mzee, umeyaonja kutoka Tanga. Tumetumia ya mvua kutoka kwenye simtanki, ndoo mpya, ndimu matone matano. Unga umetupa muda wa kupaka, kupanda, kubandika na kugombana kidogo.

Kona ya dirishani tumeiteremsha Jumamosi asubuhi. Vipande vimeshuka vitatu badala ya viwili, kama ulivyotabiri. Nyuma yake ukuta ulikuwa na rangi, hakukwangua hata kidogo. Kumbe ulikuwa umeshikwa na misumari miwili na heshima. Tukachora mistari darini. Mdogo wangu akasema mstari unaonekana umepinda, mzee amekosea. Nikamwambia kata. Akakata akinung'unika, tukapanda nayo kavu bila unga, tukaibana kwa mikono. Ikafunga. Si kwamba haionekani kabisa, unaona mstari kama wa wembe, lakini penseli haipiti, hata karatasi ya daftari niliijaribu ikakwama. Tulishuka tukakaa sakafuni tukaiangalia, chai ikapoa.

Umevunjika mmoja, ule mzima wa ukuta wa 2.4. Ulipita mlangoni ukiwa umelazwa badala ya kusimamishwa ubavu, ukajikunja katikati kwa uzito wake. Ule wa ziada ukachukua nafasi. Kona ya mlangoni ndiyo mbaya kuliko zote, hapo tulikuwa tumechoka, tumeziba kwa unga kama yule yule bwana. Sitaki maoni.

Maua nimeyaacha. Nataka ule mwembamba wa mviringo uliosema. Chumba ni 3.0 kwa 3.3. Kwa hesabu yako ya ukuta mmoja mmoja, wa 3.0 unakula mmoja na kipande cha 60, wa 3.3 mmoja na kipande cha 90. Mizima minne, 60, 60 na 90 vinatoka mkanda mmoja, 90 ya pili inataka mkanda wake. Sita, na wa kuvunjika saba. Nimepatia?

FundiSeremala_Tanga

Sita na mmoja. 60, 60 na 90 ni 2.1, umebaki na 30 ya sampuli. Umeshapima kona?

MamaNasra

Nimepima. Tatu zina 101. Ya nyuma ya kabati imetoka 100 kamili. Nikadhani tepu imeteleza, nikapima tena.